Seva imesasishwa, mafaili makubwa yanakwama: je, kosa ni la kerneli?

SWALI: Habari mtaalamu. Seva ya ofisi yetu ni Ubuntu 22.04. Juzi kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ilipanda kutoka 5.15 hadi 6.8. Ping (pakiti ndogo ya kupima mtandao) inajibu vizuri, ila tukinakili faili kubwa linaanza kisha linakwama. Fundi amezima IPv6, ameongeza mistari 12 kwenye sysctl.conf (faili la mipangilio ya kerneli), hali ni ile ile. Sasa anataka kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Na hiyo mistari 12 iondoe kwanza, maana kwa sasa hata mimi nikija hapo sitajua lipi ni la kerneli na lipi ni la fundi.

Mistari ya aina hiyo huzunguka WhatsApp mwaka hadi mwaka kama bango la mganga kwenye nguzo ya umeme: sukari, mvuto wa biashara, kesi mahakamani, dawa moja. Tazama kama kuna net.ipv4.tcp_tw_recycle, wa kuharakisha kufuta miunganisho iliyokwisha. Mpangilio huo uliondolewa kwenye Linux 4.12, mwaka 2017! Ukiendesha sudo sysctl -p, mashine yenyewe inalalamika: No such file or directory. Fundi anaona, anapita. Na enzi ulipokuwepo ulikuwa balaa: watu waliotoka nyuma ya ruta moja, wenye anwani moja ya nje, baadhi yao walibisha hodi seva ikawanyamazia.

Turudi kwako. Kerneli ya zamani kwa kawaida bado ipo kwenye folda ya /boot. Washa upya, kwenye GRUB, menyu ya kuchagua kerneli mashine inapowaka, ingia Advanced options, chagua 5.15, hakikisha toleo kwa amri ya uname -r, kisha nakili faili lile lile kwa kebo ile ile. Likikwama hata hapo, kerneli haina kesi ya kujibu. Nimeshakuta mashine iliyokaa mwaka mzima bila kuzimwa. Mtu aliweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja) kwa mkono, hakuihifadhi, na kuwasha upya kukaifuta. Dalili zilikuwa kama zako: ping ndogo inapita, mzigo mkubwa unakwama. Jaribu ping -M do -s 1472, yaani pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa, kuelekea kompyuta inayopokea. Ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500. Isiporudi ilhali ping ya kawaida inarudi, njia yenyewe ni nyembamba.

Ikiwa 5.15 inapita na 6.8 inakwama, hapo tuna la kuzungumza. Zima tso (kadi ya mtandao kukata data inayotumwa iwe pakiti) kwa amri ya ethtool -K, pima, irudishe, ndipo uzime gro (kuunganisha pakiti zinazopokelewa). Kimoja kimoja! Kati ya matoleo hayo mawili yapo mengine 12, na Ubuntu hutoa kerneli zake zikiwa tayari. Anza na 6.1; ikikwama shuka 5.18, ikipita panda 6.5. Majaribio yasiyozidi manne yatakuonyesha toleo lililoharibu. Ukitaka badiliko lenyewe ndani ya toleo hilo, git bisect, amri ya kugawa mabadiliko nusu kwa nusu, itakudai kujenga kerneli kama mara 14 hivi.

Fundi wa namna hii akishindwa husema, "Basi tuifunge kerneli, tusisasishe tena." Mkatalie. Juni 2019 ulitangazwa udhaifu wa kerneli ya Linux ulioitwa SACK Panic: mtu wa mbali aliweza kuiangusha seva kwa pakiti tu. Marekebisho ya kwanza yalikwamisha baadhi ya programu zenye bafa (kumbukumbu ya muda) ndogo ya kutuma, na dawa yake ikaja kwenye sasisho lililofuata. Seva zilizofungiwa kerneli hazikupata hata moja.