Mkanda wa jeshi: usichezee zile siku 3 za kwanza

Mimi ilianza na maumivu tu, upande wa kushoto wa mbavu kuzunguka mpaka mgongoni, kipele hata kimoja hakuna, nikajua nimelala vibaya nikajichua dawa ya misuli nikaenda zangu kazini. Siku ya tatu ndo vikatoka vipele vyekundu vikajaa maji, vimejipanga mstari, na vyote upande mmoja tu, katikati ya mgongo havikuvuka. Hapo bado nikasema ni mdudu kanitambalia, nikawa napaka paka. Kwa daktari nimefika siku ya sita toka vipele vitokee, vishaanza kukauka.

Hilo naomba usilirudie kabisa. Dawa ya kirusi, ile asiklovia, inatakiwa ianze ndani ya saa 72 toka vipele vitokee, mimi nikapewa vidonge vya siku 7 lakini nilikuwa nishachelewa.

Alafu watu wananyanyapaana sana na huu ugonjwa, mtu akiupata tu wanasema ana ukimwi. Kupima ni vizuri, nilipima, ila ukweli ni kwamba yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuupata, maana kile kirusi hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, kinga ikishuka kwa umri au maradhi kinaamka kinafuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndo maana unaona mstari.

Sasa gharama. Vile vidonge sio vilivyonimaliza jamani, kilichonimaliza ni miezi 5 ya maumivu baada ya vidonda kupona. Shati likigusa ngozi tu ni kama naunguzwa, kwenye basi nakaa nimelivuta kwa vidole viwili lisiniguse, usiku silali, kazini nusu ya siku sipo na hela inakatwa, mke wangu nae anaacha shughuli zake anisindikize kliniki, dawa za mishipa kila mwezi, nauli kila mwezi. Hizo hela hakuna anayekuandikia risiti.

Kwa hiyo ukisikia maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, jiangalie ngozi kila siku. Kipele kikitoka usisubiri wiki iishe. Kikiwa kwenye paji la uso, karibu na jicho au ncha ya pua, nenda siku hiyo hiyo, unaweza kupoteza jicho. Usivitumbue, vifunike, na kaa mbali na vichanga na wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga.

Na chanjo ipo, inaitwa Shingrix, sindano 2 zinapishana miezi 2 mpaka 6, ni hasa kwa wenye miaka 50 kwenda juu, hata kama ulishaugua. Kaka yangu ana 58 alikuwa anasema ni ghali, nikakaa nae na karatasi tukajumlisha nilichotumia na nilichokosa kazini ile miezi 5, akanyamaza. Ya kwanza keshachoma, ya pili mwezi ujao namsindikiza mwenyewe.