Unaenda kutizama roller derby mara ya kwanza? Nisikize mimi

Kuna msichana wa Malindi kaniandikia meseji, kapata skolashipu Uingereza, sasa wenzake wa hosteli wamemualika roller derby, mchezo wa kukimbia na kugongana kwa viatu vya magurudumu, na hajui aende ama asingizie homa. Anauliza "dada, ni mchezo gani huo na nitaelewa kitu kweli?" Mamangu, umekuja kwa mwenyewe. Hapa Lamu sijui kama kuna mwengine alokwenda akauona kwa macho yake, na wale walonicheka kwenye grupu la familia nawaomba wasome pia.

Mimi nilipelekwa na dadangu anaeishi London. Kazini kwake kuna mwenzake, mhasibu, mpole hata kusema anasema kwa chini, kumbe wikendi anavaa helmeti na viatu vya magurudumu manne manne anakwenda kugongana na watu. Treni na foleni ya tiketi naziruka, hazina utamu.

Jambo la kwanza, usitafute mpira. Hakuna mpira. Mchezo wa dakika 60, nusu mbili, ukikaa kutafuta mpira utatoka na maumivu ya kichwa tu. Tizama nyota. Kila timu inaweka watu watano kwenye njia ya kuzunguka, wanne wazuiaji na mmoja mwenye nyota kwenye helmeti, huyo ndo mfungaji. Akishawapita wazuiaji wa timu ya pili mara moja, akizunguka akarudi, kila mpinzani anaempita ni pointi. Raundi moja haizidi dakika mbili, wanapumua sekunde 30, wanaanza tena. Na wenye nyota wote wawili wanakimbia wakati mmoja, kwa hivo wazuiaji wanazuia huku na wanamfungulia mtu wao huku. Usijaribu kutizama vyote, shika nyota moja tu ufuate hiyo hiyo.

Sasa yule mhasibu. Kakutana na ukuta wa watu wanne, mabega yameshikana, makalio yamebanana, na yeye anasukuma kwa bega, magurudumu yanalia kwenye sakafu, jasho linamtoka puani, akarudi nyuma kidogo kisha akaja vile punda alobeba mawe anavyokujia kwenye kichochoro cha Mkomani, yeye hakwepi, jiondoe wewe. Akapenya kwa ndani kabisa, mguu mmoja juu ya mstari mwengine hewani, akawazunguka akawapita tena, halafu akajigongagonga kiunoni kwa mikono miwili na filimbi ikalia. Wallahi nilisimama nikapiga vigelegele vya harusini, ukumbi mzima ukageuka. Dadangu akanielezea kwamba mwenye nyota alotangulia kupita kihalali ana haki ya kuikata raundi akitaka, na kule kujigonga kiuno ndo ishara yake, kwa hivo anachukua pointi zake anaikata kabla mpinzani hajapata kitu. Akili hiyo, si nguvu. Na viwiko haviruhusiwi, kumpiga mtu mgongoni hairuhusiwi, ukikosea unakwenda kukaa nje sekunde 30.

Nikatuma video nyumbani. Eti "wanawake wazima hawana kazi", eti "nani atawaoa", na shangazi mmoja, nampenda lakini bado imenikaa rohoni, akasema ni uhuni ulozuka juzi. Juzi gani? Ulianza Chicago mwaka 1935, bwana anaitwa Leo Seltzer, wanaume na wanawake wakizunguka pamoja, na wanawake wa Austin huko Texas ndo walioufufua miaka ya 2000. Mbona mbio za punda siku za Maulidi vijana wanaanguka pwani pale na sote tunashangilia? Wasichana wa Pwani tumefunzwa kukaa pembeni tushike mikoba ya wenzetu, halafu tukifika miaka 40 magoti yanauma kwa kukaa. Acheni hayo. Mwili ni wako, uchezeshe, na kama huwezi basi nenda ukashangilie anaeweza.

Haya, mdogo wangu, cha kushika ni kutizama nyota, narudia, nyota. Usikae chini sakafuni karibu na njia siku ya kwanza, mchezaji akirushwa anatua mapajani mwako, pale nilipokwenda watoto hawakuruhusiwa kabisa kukaa hapo. Kaa juu, na mtu anaejua awe ubavuni mwako. Buibui lako vaa, hakuna aliyenitizama mara mbili mpaka nilipopiga vile vigelegele.