Msaada wa Wodini Uandikwe Kwenye Ratiba

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni nini kinachowafanya wauguzi wa wodi moja wasaidiane kazini, na ni nini kinachomfanya kila mmoja ajishughulishe na wagonjwa wake tu. Nadhani wengi watajibu kwamba ni upendo, moyo wa kujitolea na kuheshimiana. Sipingani nao, lakini baada ya miaka mingi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mkoani Njombe, jibu langu halina utamu huo: wauguzi husaidiana pale ambapo msaada umepangwa kuwa sehemu ya kazi, ukiwa na jina la mtu na saa yake, na huacha kusaidiana pale ambapo msaada umeachwa uwe hisani ya mwenye roho nzuri.

Chukueni mfano wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, mililita 500 ndicho kiwango ambacho sote tumefundishwa kukiogopa, ingawa hakuna anayesubiri kupima ndipo aanze kukimbia. Mmoja anakanda tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, mwingine anatafuta mshipa, anaweka kanula na kutundika dripu yenye oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, wa tatu anampigia simu daktari, anachukua damu ya kupimwa kundi na kumtuma mhudumu maabara, na wakati huo huo yupo mtoto ambaye, kama hakulia, anatakiwa asaidiwe kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Hizo ni kazi za watu wanne, nazo huangukia usiku ambao ratiba ina wauguzi wawili. Kwa hiyo mtu wa wodi ya jirani anayekuja mbio hatufanyii fadhila. Bila yeye kazi yenyewe haifanyiki.

Ndiyo maana zamu ya usiku inapoanza, kabla ya mazungumzo mengine yoyote, sisi hutaja nafasi: nani ni wa mama, nani ni wa mtoto, nani atakuja kutoka wodi ya watoto tukiita, na asipoweza kutoka, nani atakuja badala yake. Zamani tulikuwa tukiita kwa sauti kwenye korido na kumsubiri atakayeguswa, na aliyeguswa alikuwa mtu yule yule kila mara. Rufaa nazo zina hesabu yake. Mgonjwa akipelekwa Mbeya, muuguzi mmoja hupanda naye gari la wagonjwa, na safari ya kupitia Makambako si ya kwenda na kurudi upesi, hivyo wodi hubaki na mtu mmoja. Penye hisani, huyo aliyebaki huanza kuwapigia simu wenzake walioko nyumbani, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi kwa kuwaamsha. Penye utaratibu, yupo aliyeandikwa kuwa wa kuitwa usiku huo, naye amelala akijua.

Ubaya mkubwa wa hisani ni kwamba humla mpole. Kila wodi ina muuguzi asiyejua kukataa. Mvua za Novemba hadi Aprili zikiharibu barabara, na mwenzake wa asubuhi akachelewa kwa sababu bodaboda imekwama kwenye tope, yeye ndiye anayeombwa asiondoke. Mwenye mtoto mgonjwa humwomba yeye, mwenye msiba Ludewa humwomba yeye, na mwisho wa mwezi wote humsifu kwa ukarimu huku amechoka kiasi cha kutomsikia mgonjwa anayemwita. Sifa za namna hiyo mimi huzitilia shaka. Vijijini kwetu watu walilimiana mashamba kwa zamu. Pombe ilinywewa na nyimbo ziliimbwa, lakini kila mmoja alijua leo ni shamba la nani na kesho ni la nani, na aliyekwepa zamu ya mwenzake alipalilia lake peke yake. Wodini hesabu hiyo tunaiweka kwenye kaunta buku: aliyebaki baada ya zamu yake, saa alizobaki, na alimbakia nani. Deni linatakiwa lilipwe kabla ratiba ya mwezi unaofuata haijatoka. Mwanzoni baadhi yetu walilalamika kwamba kuandikiana saa ni kukosa utu. Malalamiko hayo, kwa jinsi nilivyoyaona, yalitoka zaidi kwa wenye madeni.

Kisichoandikika kwa urahisi ni namna ya kumwitikia anayeomba msaada. Muuguzi aliyeajiriwa juzi akimwamsha mkubwa wake saa tisa usiku kwa sababu presha ya mama imepanda, kisha akaambiwa mbele ya mgonjwa, "Hata hili hukufundishwa chuoni?", atapata msaada usiku huo na hataomba tena. Usiku mwingine atasubiri mpaka awe na hakika, na katika kifafa cha mimba hakika huja pamoja na degedege. Kwetu anayeitwa huja kwanza na kuuliza baadaye, na hakuna anayeonywa kando ya kitanda, awe muuguzi msaidizi, afisa muuguzi au mhudumu wa afya. Baadhi ya wakubwa wenzangu walipinga, wakisema tutawadekeza vijana. Vijana hao waliodekezwa ndio wanaotuita mapema.

Upo pia msaada ambao watu huudhania kuwa ni kutoaminiana, nao ni wa kukaguliana dawa. Magnesiamu salfeti, ambayo ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, huanza kwa dozi kubwa: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako. Kabla ya kila dozi inayofuata, mama anatakiwa awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti lake lishtuke linapogongwa, na mkojo wake usipungue mililita 30 kwa saa, kwa sababu dawa hiyo ikizidi mwilini humfanya mgonjwa ashindwe kupumua. Kwa hiyo kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga, huwekwa karibu. Muuguzi aliyesimama tangu jioni anaweza kuisoma chupa vibaya akiwa na nia njema kabisa. Mwenzake anapoisoma kwa sauti na kuhesabu pamoja naye, anambebea sehemu ya uchovu, hatafuti kosa. Vivyo hivyo katika kuongeza damu: wawili husoma jina, kundi na namba ya mfuko wakiwa kitandani kwa mgonjwa, wala si kwenye meza ya ofisi.

Kitandani ndiko tunakokabidhiana zamu pia, ingawa Juni na Julai, baridi ya Njombe inapokolea, kila mtu angependa ripoti isomwe ofisini penye chai. Ndicho kipindi ambacho watoto njiti waliofungwa kifuani kwa mama zao wanahitaji kushikwa miguu na anayetoka na anayeingia kwa pamoja, ili wote wawili wajue mtoto alikuwa na joto gani saa ya kukabidhiana.

Kuna jambo ambalo wasio wauguzi hawalifikirii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 mkoani Njombe na asilimia 11.3 mkoani Iringa, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Muuguzi akijichoma sindano huku kwetu, dawa za kinga zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazianzwi tena. Anayejua kwamba wagonjwa wake hawana wa kuwaangalia huosha kidonda, hunyamaza na kuendelea na zamu, akijiambia ataenda baadaye. Hapa mwenzake hapaswi kusubiri kuombwa: anapokea wagonjwa, anamwambia aende sasa hivi, na jambo hilo halizungumzwi kwenye chai.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, wodi nyingi hushona vitenge vya sare, zikachanga fedha za keki na kupiga picha. Mimi nami huchanga, na kitenge nakipenda. Hata hivyo nimewahi kuona wodi iliyopendeza kwa sare, yenye mfuko wa misiba usiokauka, ambamo muuguzi aliyefiwa na mgonjwa mikononi mwake aliingia peke yake kwenye kikao cha kujadili kifo cha mama yule, kwa sababu waliokuwa naye zamu hawakutaka majina yao yatajwe. Sasa kumbukumbu za usiku wa namna hiyo tunaziandika pamoja kabla zamu haijaisha, wote tuliokuwepo tunatia sahihi, na kikaoni tunaingia wote.

Msomaji anaweza kusema kwamba dawa ya yote haya ni kuajiri. Ni kweli, na ningesikitika sana kama mipango yetu ingetumiwa kuonyesha kwamba wawili wanatosha. "Wanasaidiana vizuri, waacheni" ni maneno yanayomfaa sana mwenye bajeti ndogo. Hapo kaunta buku imetufaa kuliko tulivyotarajia. Tulipoomba muuguzi wa tatu wa usiku na kuulizwa ushahidi, tulimpelekea matroni kurasa zenye saa za ziada, majina ya walioazimwa kutoka wodi ya watoto, na kila usiku ambao rufaa iliiacha wodi na mtu mmoja. Tumepewa huyo wa tatu kwa nusu ya mwezi. Nusu nyingine bado tunamwazima mtu wa wodi ya watoto, na saa zake tunaziandika kuwa deni letu kwao.