"Nzuri sana" au "mzuri sana"? Na "mwakaribishwa" je?

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Mi napiga kinanda kwenye bendi ya hoteli hapa Malindi na kila usiku lazima tupige Jambo Bwana. Mimi huimba "habari gani, nzuri sana" lakini mwimbaji wetu anasema naharibu wimbo, ni "mzuri sana". Juzi tena mgeni wa Nairobi akatuambia "mwakaribishwa" si Kiswahili, tuimbe "mnakaribishwa". Nani yuko sawa?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Umenichekesha, maana huo wimbo una mkosi wake, neno linalosutwa halina kosa, na lenye kosa linapita tu miaka arobaini sasa.

Tuanze na mgeni wenu, mpeni pole. Hiyo "mwakaribishwa" ina -a- ya wakati uliopo, m ikikutana na a inakuwa mwa, na huku pwani ndo tunaitumia kutwa nzima, watoto wakigombana uani mama hasemi "mnataka nini", anasema "mwataka n'ni nyie?", na muuza samaki atakuuliza "wataka kilo ngapi?" Bara wamezoea -na- tu. Na waliouleta wimbo ni watu wa pwani, mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Mombasa, ukatoka 1982. Wengine huimba "wageni wakaribishwa", kisarufi sawa, ila hapo huwaambii wageni wenyewe, wamwambia mtu mwingine habari zao.

Sasa hiyo mzuri. Habari ni ngeli ya i-zi, habari nzuri, habari njema, hapo uko sawa wewe. Mzuri ni mtu, na mtu akiulizwa habari gani akajibu "mzuri sana" huku kwetu tutajua anajisifia sura. Kile Kiswahili cha masetla wa zamani, cha kuamrishia wapishi, kila kitu kilikuwa mzuri, chai mzuri, barabara mzuri, na wimbo wenyewe ulilenga watalii wa mahotelini wanaookota maneno mawili matatu, kwa hiyo mi naona iliingilia mlango huo.

Lakini kuna jambo we mpiga kinanda utalielewa kuliko mimi. Hesabu kwa vidole, m-zu-ri ni tatu, m inasimama peke yake, nzu-ri ni mbili tu maana n imejibana kwenye z. Ukiimba nzuri umebakisha pengo, ndo mwimbaji wenu anasikia wimbo umechechemea. Na mwa ni moja, m-na ni mbili, mgeni wenu akiimba yake atagongana na gitaa.

Ndo mana naona hiyo mzuri imeng'ang'ania. Boney M waliuchukua 1983 wakatia Hakuna Matata kwenye jina, Mombasa Roots, Safari Sound Band na Khadja Nin nao wakaupiga, Zanzibar wanatoa Kenya wanatia Zanzibar, wapagazi wa Kilimanjaro wanatia mlima wao. Nchi inabadilishwa, mzuri haibanduki.

(Na mtu asikwambie matata si Kiswahili eti ni ya katuni ya Lion King. Kaa na wavuvi wa Shela, kule Lamu, jarife, yaani wavu wao mkubwa, likiwa limetatana, utawaona wameinama mchanga mzima wanatatua uzi mmoja mmoja, tata, tatana, tatua, matata, ukoo mmoja huo.)

Kwa hiyo stejini muachie mwenzako mzuri yake, ndivyo ulivyorekodiwa na watu wanaitikia hivyo. Ukishuka chini mtu akakuuliza habari gani, mjibu nzuri. Na yule wa Nairobi akirudi na jamaa zake wapokeeni tu na "mwatoka wapi?", wakijibu basi wameelewa.