Maswali yenu kuhusu Kutch, nchi ya chumvi na majahazi

Hivi karibuni niligusia wilaya ya Kutch, magharibi mwa India, nikasema Wahindi wengi mliokua nao jirani Unguja, Mombasa na Dar asili yao ni huko. Barua zikafuatana. Nimechagua tano.

Kutch iko wapi hasa? Kwenye ramani naiona kama kisiwa. (Msomaji, Tanga)

Macho yako hayajakudanganya. Kutch iko jimbo la Gujarat, ikipakana na Pakistan. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo: zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Ukiiweka Rwanda nzima ndani yake, nafasi inabaki. Lakini sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 2 na ushei tu, kwa sababu sehemu kubwa ni Rann, uwanda wa chumvi usiolimika. Kusini kuna ghuba, magharibi bahari, na upande wa kaskazini na mashariki ndiyo hiyo Rann. Mvua za kusi zikinyesha kati ya Juni na Septemba, uwanda hujaa maji na Kutch ikawa kama kisiwa kweli. Maji yakikauka, ardhi hubaki nyeupe pe mpaka upeo wa macho. Mvua kule ni kitu cha kuombewa dua, na mwaka mpya wa Wakutchi, Ashadhi Bij, huadhimishwa majira hayo hayo mvua inapotarajiwa.

Babu alikuwa akisema majahazi ya Mandvi yalikuwa yakija kila mwaka. Yalileta nini, na kina nani? (Msomaji, Unguja)

Babu alisema kweli. Mandvi ni mji wa bandari kwenye mlango wa mto Rukmavati, na hadi leo ukingoni mwa mto huo mafundi wanaunda vyombo vya mbao kwa mikono. Vilikuja kwetu na kaskazi, vikirudi na kusi. Vilileta nguo, vikaondoka na karafuu na pembe za ndovu.

Waliofuata vyombo hivyo ndio waliobadilisha Unguja. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyotoka Mundra, mwendo mfupi kutoka Mandvi, ilikodishiwa forodha ya Sultani kwa miaka mingi ya karne ya 19, na wakala wake Ladha Damji ndiye aliyekuwa akisimamia ushuru. Tusifiche: watumwa nao walikuwa wakitozwa ushuru pale forodhani, kwa kichwa.

Tajiri wa pili, mfanyabiashara Tharia Topan, alitoka Lakhpat, mji wenye boma uliokuwa bandari ya tawi la mto Indus. Jina la mji huo husemwa limetokana na laki, laki hii hii tunayohesabia pesa. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko likainua tuta refu la ardhi kaskazini, wenyeji wakaliita Allah Bund, na maji ya mto yakakatika. Bandari isiyo na maji haina kazi. Leo Lakhpat ni kuta tupu zenye wakazi wachache. Lile jengo lenye roshani za nakshi mbele ya bandari ya Unguja, mnaloliita Zahanati Kongwe, ni la Tharia Topan. Alifariki 1891 kabla halijakamilika. Kila nikipita pale huikumbuka Lakhpat.

Wa tatu ni mfanyabiashara Allidina Visram, wa kijiji cha Kera, aliyekuja akiwa mtoto na maduka yake yakasambaa mpaka Uganda.

Hapa kwetu mti wa miiba wa mathenge umetumaliza: mbuzi wanaoza meno na malisho yamekwisha. Kuna wenzetu wenye shida hii? (Msomaji, Baringo)

Wapo, tena wamekutangulieni. Mbuga ya Banni, kaskazini mwa Kutch, ilikuwa na nyasi zilizosifika. Kuanzia 1961 idara ya misitu ilipanda mti huo huo ili kuzuia jangwa la chumvi lisisogee. Wafugaji wenyewe huuita *gando baval*, yaani mgunga mwendawazimu. Ulimeza malisho, nao wakabaki na nyati wao wa Banni, wanaochungwa usiku kukwepa joto. Baadhi ya wenyeji huukata na kuchoma makaa. Ni kazi ya kumpa mtu riziki, ila nyasi hazirudi kwa makaa peke yake.

Nimeona kitambaa cha ajrakh kikiuzwa ghali. Ghali ya nini? (Msomaji, Mombasa)

Ya kazi. Fundi wa Kikhatri, jamii ya wachapa nguo wa Kutch, huanza kwa kuloweka pamba katika mafuta ya nyonyo, magadi na kinyesi cha ngamia. Kisha hugonga vibao vya mti vilivyochongwa: kwanza chokaa na gundi, ili rangi isiingie pale asipotaka. Rangi nyeusi hutoka kwenye vyuma chakavu vilivyovundikwa na sukari guru. Halafu huja nyekundu na nili, na kati ya hatua moja na nyingine kitambaa hufuliwa na kuanikwa. Chote kinategemea maji. Tetemeko la 26 Januari 2001, lililoua karibu watu 20,000, liliharibu kijiji cha Dhamadka, na maji yake yakazidi madini ya chuma, rangi zikakataa. Mafundi wengi wakahama na kujenga kijiji kipya karibu na mji wa Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Ukikutana na ajrakh ya kweli, igeuze: ile ya jadi huchapwa pande zote mbili.

Ni kweli kuna watu weusi Kutch wanaopiga ngoma? (Msomaji, Lamu)

Ni kweli. Wanaitwa Wasidi, nao wako Kutch na sehemu nyingine za Gujarat. Mababu zao walivuka bahari kutoka Afrika, wengi wakiwa watumwa, wengine wakiwa mabaharia na askari. Nyumbani husema Kikutchi au Kigujarati. Wengi wao humuenzi Bava Gor, walii wa asili ya Afrika mwenye kaburi Ratanpur, wilaya ya Bharuch. Siku ya kumuenzi hupigwa ngoma kubwa ya kusimama iitwayo mugarman, na mchezaji hurusha nazi juu kisha akaikinga kwa utosi ikapasuka. Mchezo huo wanauita *goma*.