Ukitumwa kuwa wakala kituoni, kazi yako ni hesabu

Agosti 2022, William Ruto alitangazwa mshindi wa urais wa Kenya kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Tofauti ni kura 233,211. Zigawanye kwa vituo 46,229, unapata kura tano kwa kila kituo. Tena mshindi hatakiwi kumpita mpinzani tu: lazima avuke nusu ya kura zote halali, na apate angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Ile nusu Ruto aliivuka kwa karibu kura 70,000, yaani kura moja na nusu hivi kwa kila kituo.

Karani aliyechoka akiandika 178 badala ya 187, kura tisa zimeenda. Hakuna aliyeiba, na anayeweza kuligundua kosa hilo papo hapo ni wewe, wakala wa chama au mgombea, uliyekaa kwenye dawati la darasa la tatu ukiwa na daftari mkononi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na vyama vitatafuta mawakala maelfu kwa maelfu, wengi wao wakipewa mafunzo ya nusu siku yanayohusu zaidi sare na nauli. Haya ndiyo ambayo huachwa nje.

Tuanze na makaratasi yako mwenyewe. Bila barua ya uteuzi kutoka kwa chama au mgombea, kitambulisho na kiapo cha kutunza siri kilichotiwa sahihi, msimamizi wa kituo ana haki ya kukuacha nje ya geti, na saa mbili utakazopoteza ukimpigia simu mratibu ndizo saa muhimu kuliko zote za asubuhi. Usivae rangi za chama. Beba kalamu mbili za wino, daftari lenye kurasa zilizopigwa mistari, tochi, betri ya kuchajia simu, sweta na chakula cha kukufikisha alfajiri. Chakula si jambo dogo. Wakala mwenye njaa ndiye anayetoka kutafuta chai saa mbili usiku, na ndiye anayekubali kununuliwa hiyo chai. Vyama vinavyochelewesha posho ya mawakala kisha vinalia kuibiwa kura havinihurumishi sana.

Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fika kabla, kwa sababu mambo matatu hufanyika mara moja tu: masanduku kuonyeshwa matupu, lakiri kufungwa, na mabunda ya karatasi za kura kufunguliwa. Andika nambari ya kila lakiri ya sanduku la urais (hilo la karatasi nyeupe), na nambari ya kwanza na ya mwisho ya karatasi za urais zilizoletwa. Bila nambari hizo, jioni huwezi kujua kama lakiri unayoiona ni ile ya asubuhi. Utakuwa na shaka tu, na shaka haipokelewi mahakamani.

Mchana, wengi hukaa wakipiga soga. Wewe hesabu wapiga kura kwa vijiti vya tano tano, kisha kila saa ulinganishe na idadi inayoonyeshwa na mtambo wa KIEMS, ule wa kutambua wapiga kura kielektroniki. Wale ambao alama za vidole zimekataa kusoma, hasa wazee na watu wa mashamba ambao vidole vimesuguka, huandikiwa Fomu 32A; wahesabu kando. Angalia pia wanaosaidiwa kupiga kura. Asiyekuja na msaidizi wake husaidiwa na msimamizi mbele ya mawakala, kwa hiyo ukiitwa, nenda. Ukimwona mtu yuleyule akimsindikiza mpiga kura wa tatu, sema hapo hapo na uombe iandikwe kwenye shajara ya kituo. Lalamiko lisiloandikwa hufa mlangoni.

Saa kumi na moja jioni mlango hufungwa, lakini walio kwenye foleni wanapiga kura hadi wa mwisho. Kisha kura za urais huhesabiwa kwanza, na hapo ndipo kazi yako hasa inapoanza.

Utaratibu ni huu: msimamizi anakunjua kila karatasi, anataja jina la mgombea, kisha anaionyesha kwa mawakala. Kuonyesha maana yake uione alama, siyo uone karatasi ikipita hewani. Akikimbia, mwambie kwa adabu, “Mwalimu, tafadhali rudia hiyo.” Wasimamizi wengi ni walimu kwa kazi, na neno hilo hupunguza joto haraka. Simama mahali unapoona marundo yote. Mawakala wote wakijazana upande wa rundo la mgombea wao, rundo la wengine halina macho.

Kura hukataliwa kwa sababu zinazojulikana: haina alama rasmi za usalama, imewekewa alama wagombea wawili, imeandikwa kitu cha kumtambulisha mpiga kura, au haina alama kabisa hivyo haijulikani alimtaka nani. Alama iliyotoka nje kidogo ya kisanduku si sababu, iwapo nia ya mpiga kura inaonekana wazi. Usipokubali kura kukataliwa, sema unapinga, na msimamizi ataandika juu yake kwamba kukataliwa kwake kumepingwa. Kura hizi zina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2013, zilizokataliwa hazimo katika hesabu ya ile asilimia 50. Kila kura unayoiacha itupwe inapunguza kura za mgombea na inabadilisha pia kile kinachogawanywa.

Usiporidhika na hesabu, kanuni zinakuruhusu kuomba ihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Usiimalize nafasi hiyo kwa hasira.

Sasa Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo. Tuseme kituo kina waliosajiliwa 612 (kituo kimoja hakizidi 700). Mtambo umetambua 431. Sandukuni zimetoka karatasi 430. Usiruke juu; huenda mtu ametumbukiza karatasi nyeupe katika sanduku la gavana au ameondoka nayo mfukoni. Andika tu kwamba moja haipo, usubiri masanduku mengine yafunguliwe. Zingekuwa 440 sandukuni, hapo ndipo pa kusimamisha kazi. Wagombea wamepata 241, 183, 2 na 1, jumla 427. Zilizokataliwa ni 3. Mia nne ishirini na saba na tatu, mia nne thelathini: hesabu imefunga.

Kwenye kujaza, makosa ni yale yale kila mwaka. Mtu anaandika 430 kwenye mstari wa kura halali kwa kuwa amejumlisha na zilizokataliwa. Mwingine anaweka idadi ya waliopiga kura pahali pa waliosajiliwa. Mwingine anateleza mstari mmoja, mgombea wa mwisho anapata kura za wa juu yake. Na wa nne anabadilishana tarakimu: 241 inakuwa 214. Hili la mwisho lina dawa ya zamani ya wahasibu: kama tofauti kati ya jumla yako na ya msimamizi inagawanyika kwa tisa bila kubaki, tafuta kwanza tarakimu zilizopishana nafasi. Hapa tofauti ni 27.

Omba namba zisomwe kwa sauti huku zikiandikwa, na ujumlishe mwenyewe kwa simu kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Palipofutwa pawe na sahihi ndogo ya msimamizi pembeni. Hakikisha anakandamiza kalamu, kwa maana nakala za chini hutegemea mkandamizo, na nakala yenye 3 inayofanana na 8 haina faida kwako.

Kuna simu ambayo huenda ukapigiwa saa tano usiku: “Usitie sahihi!” Ushauri mbaya. Sahihi yako ikikosekana, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee. Kanuni inasema hivyo wazi. Kama una sababu ya kukataa, iandike kwa maneno yanayopimika: “kura 12 zimekataliwa bila kuonyeshwa mawakala,” siyo “uchaguzi haukuwa wa haki.”

Una haki ya kupewa nakala, na nyingine lazima ibandikwe mlangoni. Piga picha zote mbili, kona nne zionekane, na nambari ya fomu isomeke. Baada ya fomu kutumwa, linganisha picha yako na ile itakayowekwa kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi (IEBC), tarakimu kwa tarakimu. Mwaka 2022 Tume iliziweka wazi kwa kila mtu, na kazi hii mtu yeyote mwenye bando aliweza kuifanya.

Ugumu wote huu wa kituoni una chanzo chake. Juni 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Maina Kiai kwamba matokeo hayawezi kubadilishwa yakishatangazwa huko chini. Kazi ya Tume huko Nairobi ni kuhakiki na kujumlisha tu. Miezi miwili na ushei baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi mzima wa urais, na upeperushaji wa fomu ulikuwa kiini cha kesi. Mwaka 2022 ombi la Raila la kupinga matokeo lilipofika kortini, fomu za asili zilipitiwa na zikalingana na zilizoko kwenye tovuti, na kesi ikaanguka. Karatasi ndiyo ilibeba kesi zote mbili, kwa pande tofauti. Kosa ulilolikubali usiku ule haliwezi kusahihishwa na mwenyekiti wa Tume hata akitaka.

Sanduku likiondoka kwenda kituo cha kujumlishia cha eneobunge, mmoja wenu aliandame, na akiwa kule asikilize 34A yenu ikisomwa inapoingizwa katika Fomu 34B, ile ya jumla ya eneobunge. Kuteleza mstari hutokea huko pia.

Nakala yako ni ushahidi, siyo kumbukumbu. Tume ina siku 7 za kutangaza, mlalamishi ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, na majaji wana siku 14 za kuamua. Hiyo ni mwezi karibu mzima. Mpe mratibu wa chama nakala kwa kutiliana sahihi, ubaki na picha, na fomu yenyewe iwekwe kwenye bahasha ngumu, isikunjwe katikati ya safu ya tarakimu.