Bandari ya Lengeh ilikufaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi niko Kirumba hapa Mwaloni, mjomba alikua baharia akasema Bandar Lengeh kule Irani ilikua na matajiri wa lulu, sasa imepoa. Nini kiliwakuta?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba hajakudanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya Irani ilikaza ushuru wa forodha, waliosimamia walikua Wabelgiji (eti Wabelgiji!), na ng'ambo ya pili Dubai wakafuta ushuru, sasa mfanyabiashara gani angebaki, wakahama na mitaji yao, wengine na familia nzima. Halafu lulu za kufugwa za Japani zikashusha bei mpaka wapiga mbizi wakakosa kazi.

Kilichobaki ni mafundi wa lenj, yale majahazi ya mbao. Wanaziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wanaigonga taratibu kwa patasi na nyundo, kalafati kabisa kama mafundi wetu wa mitumbwi hapo Mwaloni. UNESCO mwaka 2011 waliuweka ufundi huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana boti za faibaglasi ni rahisi zaidi na vijana hawataki tena kushika nyundo.